Kamba ya Jimbo na Kamba ya Taifa

Mtu akifa kabla ya wakati, ile miaka aliyoibakiza huenda wapi?

Sihaba aliamka na swali hilo kama mtu anavyoamka na jino bovu. Kila akiligusa, linauma, na asipoligusa linauma vilevile. Asubuhi hiyo alikuwa kisimani, ameinama, kamba ya ndoo imemwishia mkononi na maji hajayafikia. Kiangazi kilikuwa kimeyashusha. Aliisikia ndoo ikigonga jiwe huko chini, kavu. Nyumbani mtoto anaungua kwa homa, anataka kitambaa cha maji kwenye paji la uso, na maji hayo hapo, yanaonekana, yanameta. Alilala kifudifudi ukingoni akanyoosha mkono mpaka bega likataka kuchomoka. Wapi. Akarudi na ndoo tupu, na njiani kila aliyepishana naye alimpa shikamoo ya heshima kubwa, maana Sihaba, kwa hesabu ya Jimbo la Chokaa, alikuwa na miaka mia moja na kumi.

Usicheke. Hata yeye alikuwa hacheki. Mgongo wake ulikuwa bado umenyooka na meno yake yalikuwa yanavunja muwa. Ni mama wa makamo tu, mwenye viganja vilivyochunwa na chokaa. Lakini jina alirithi kwa nyanya yake, na katika Jimbo lile anayerithi jina hurithi na umri. Pale nyanya alipoishia ndipo mjukuu alipoanzia. Kwa hiyo Sihaba alihesabiwa kuwa amezaliwa mzee. Alipojaribu kuukumbuka utoto wake alikumbuka ndoa ya mtu mwingine, njaa ya mtu mwingine, uchungu wa kujifungua watoto ambao hakuwazaa. Wakati mwingine alisimama katikati ya ua na ufagio mkononi akajiuliza: anayefagia hapa ni Sihaba yupi? Na yule mwingine, kama mimi ndiye, nani analala kaburini pake? Akaendelea kufagia. Ua haufagiwi na majibu.

Mambo haya hayakuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Jimbo lile lilikaa chini ya majabali meupe, na kazi ya watu wake ilikuwa kuvunja mawe, kuyachoma tanurini na kuyafanya chokaa. Chokaa ilikwenda kupaka kuta za Mji Mweupe, ambao hakuna mtu wa Jimbo aliyewahi kuuona, ila walisikia kwamba unang'aa. Vumbi lilibaki. Lilikaa kwenye ugali, likakaa kwenye kope, likashuka kifuani likajenga. Wanaume walikohoa mpaka wakaisha, wengi wao kabla mvi hazijaota, na wanawake wakafuata nyuma, na watoto hao ndio usiseme. Wenyewe hawakuona ajabu. Walidhani binadamu ndivyo alivyokatiwa. Mtu hajui kuwa amepunjwa mpaka aone fungu la mwenzake.

Ndipo akaja Bwana Wastani na kamba zake mbili.

Huyu Bwana Wastani hakuna aliyeweza kumweleza. Hakuwa mrefu, hakuwa mfupi. Uso wake ulikuwa uso wa kila mtu, kwa hiyo haukuwa wa mtu yeyote, na ukigeuka tu umeshausahau. Walisema ana mke mmoja na robo, na watoto watatu na kipande, na kwamba hicho kipande hukilaza katikati ya wazima ili kisione baridi. Alikuwa mpole. Hilo lazima lisemwe, maana watu hupenda kumlaani. Alikuja kila mwaka na wasokotaji wake wenye makumbi ya nazi, akakaa kiwanjani, akaita nyumba moja baada ya nyingine. Kila jina lilisokotewa kamba ya urefu wa Taifa. Kisha akauliza, "Amefika wapi?" Kwa aliye hai, nyumba ilijibu, "Anaendelea," na kamba yake haikuguswa, ikaongezwa tu kwa kadiri ya umri. Kwa aliyekufa, nyumba ilijibu, "Ameishia," ikataja umri, na kamba ikakatwa papo hapo. Kipande cha kushoto, cha miaka iliyoliwa, alikichukua yeye. Cha kulia, cha miaka iliyobaki, walirudishiwa wafiwa, na hakuna aliyewaeleza wakifanyie nini. Mwishowe vipande vya kushoto vilipimwa pamoja na kamba za wanaoendelea, vikagawanywa sawasawa, na hiyo ndiyo ikawa Kamba ya Jimbo. Ikalazwa chini, ubavuni mwa Kamba ya Taifa.

Mara ya kwanza Kamba ya Taifa ilitambaa kutoka upande mmoja wa kiwanja ikafika upande wa pili. Kamba ya Jimbo la Chokaa iliishia katikati, palepale mbuzi walipokuwa wamelala. Waliofuatana na Bwana Wastani kutoka majimbo mengine waliziba midomo kwa adabu, lakini mabega yao yalicheka. Watu wa Jimbo wakainama. Bwana Wastani akasema, kwa huruma, kwamba jimbo lenye kamba fupi hupewa zahanati, na kweli waliletewa: kitanda, mizani ya watoto, jokofu la chanjo, sanduku la dawa, na nesi mmoja jina lake Efrasia, mwenye mkono mwepesi wa sindano. Watoto wakaanza kuvuka masika na kuyaona mengine. Lakini aibu, ndugu zangu, haina dawa katika sanduku la nesi. Watu walipita mbele ya zahanati ile wakaiona kama tangazo la ufupi wao.

Aliyepata ufumbuzi alikuwa Jumbe Vuai, kiongozi wa Jimbo, mtu mnene wa sauti, ambaye naye alikuwa amezika. Kurithishana majina ilikuwa mila ya siku zote. Jumbe hakuleta jipya. Aliongeza chumvi tu. Alisema: jina halifi. Kama jina halifi, mwenye jina amekufaje? Mpeni mtoto jina la marehemu, mpeni na umri wake, muendelee kuhesabu, na wakubwa waliorithi majina zamani nao wahesabiwe hivyohivyo. Na ilikuwa tamu hiyo, msione hivi. Mama aliyelala na maiti ya mwanawe aliambiwa asubuhi kwamba mwanawe hajafa, yuko kwa shangazi, amezaliwa jana, ana miaka kumi na minane. Nani angekataa? Sihaba hakukataa. Hata wewe usingekataa.

Basi watoto wachanga wakaanza kupewa shikamoo. Wakakalishwa kwenye mikeka ya wazee kuamua kesi za mipaka, na walipolia ikasemwa hukumu imetoka. Mwaka ule nyumba zote zilijibu, "Anaendelea, anaendelea, anaendelea," na Kamba ya Jimbo ikatambaa, ikaifikia ya Taifa, ikaipita, ikaingia vichakani. Vigelegele! Watu walicheza mpaka vumbi jeupe likafunika jua. Bwana Wastani aliwapa mkono wote, mmoja mmoja. Siku ya pili zahanati ilikunjwa, kitanda, mizani, jokofu, na sanduku la dawa likafungwa kwa fundo la Kamba ya Taifa, ambalo hufunguka pale tu jimbo linapoonekana fupi. Wenye miaka mia mbili wanataka dawa ya nini? Nesi Efrasia aliondoka akiangalia nyuma. Sanduku lilikwenda majimbo mengine, na tangu siku hiyo huja mara moja kwa mwaka, limefungwa, katika msafara wa Bwana Wastani.

Mwaka uliofuata kikohozi kikamchukua Machano, mwana pekee wa Sihaba.

Alimwacha mkewe, Mize, na mimba ya miezi. Mtoto alipotoka, wa kiume, Jumbe mwenyewe alikuja kumbeba na kumwita Machano, miaka thelathini na moja, hongera. Sihaba alimpakata akamnusa utosini akasema, "Karibu mwanangu, ulikuwa wapi?" na akahisi kifua kimefunguka. Mize alikuwa amelala, uso ameuelekeza ukutani. Alipoomba kukaa eda, wanawake walimshangaa. Eda ya nani, mwanangu, na mume umempakata? Basi Mize hakuvaa nguo ya kilio, hakufunga mlango, hakulia mbele ya watu. Alimnyonyesha mumewe. Alimfunga mumewe mgongoni akaenda kuponda mawe. Miaka miwili alikwenda hivyo, na ndani yake kilio kilikaa kama maji yaliyowekewa kifuniko.

Sasa mtoto amebanwa mbavu. Kila anapovuta pumzi ngozi inazama chini ya mbavu na matundu ya pua yanapanuka. Sihaba aliujua ugonjwa huo, kila mwanamke wa Jimbo aliujua, na aliijua pia dawa yake, maana aliiona kwa macho yake ikimrudisha mtoto wa jirani siku zile zahanati ilipokuwepo. Chupa ndogo, sindano, siku chache tu, mtoto anaomba uji. Dawa hiyo imo sandukuni. Na sanduku linakuja leo, kwa kuwa leo ndiyo Siku ya Kamba.

Alipoingia na ndoo tupu, Mize alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Alimwambia mkwewe asihangaike na maji. Kisha akamkazia macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Mama," alisema, "leo wakikuuliza, sema kweli. Sema huyu ana miaka miwili."

Sihaba alijibu kwamba mtu mmoja akisema kweli haitatosha, kamba ya Jimbo ni ndefu. Mize akasema si ndefu kihivyo. Mwaka jana imeizidi ya Taifa kwa shibiri tu, watu wenye majina ya kale wanaishiwa na watoto wa kurithi. Sihaba akasema Jumbe atakasirika. Akasema majirani watatususia maziko. Akasema mengi, na yote yalikuwa majani ya kufunikia jambo moja ambalo hakulitaja: kwamba akitamka neno lile, mwanawe atakufa. Hajafa bado. Miaka miwili hii kila asubuhi amemwamkia, amempa uji, amemkanya kuhusu vumbi la tanuri. Mize alimsubiri amalize. "Mwenye kuchagua ni wewe," alimwambia. "Mimi huyu wa mgongoni ndiye ninayemjua."

Wakaenda. Njia ya kiwanjani ni fupi, lakini siku hiyo ilijikunja. Walipita mbele ya tanuri lililozimwa wakaliona linawaka, na mbele yake Machano mkubwa amesimama na koleo, nyusi nyeupe, akakohoa, akawapungia. Walipita tena, au walipita kabla, na tanuri lilikuwa jipya, halijachoma jiwe, na Sihaba yule wa kwanza, nyanya, alikuwa akibeba udongo wa kulijengea. Sihaba alimpa shikamoo. Nyanya aliitikia marahaba, akamwuliza kama yeye naye amechoka. Haya ndiyo madhara ya kukataza watu wasife. Hawana pa kwenda, wanajazana njiani.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Bwana Wastani alikaa mahali pake pa kati, wasokotaji kushoto na kulia, na nyuma yao Nesi Efrasia ameketi juu ya kigoda, sanduku limo mapajani. Sihaba alimwendea moja kwa moja. Nesi alimvuta Mize karibu. Alimgeuza mtoto, akaweka sikio mgongoni pake, akahesabu pumzi, na uso wake ukabadilika. Akawaambia kwa sauti ya chini kwamba dawa ipo, tena ya kutosha, lakini fundo hili si lake. Limesokotwa na nchi nzima. Akalionyesha: nene, gumu, limekazwa mpaka linang'aa. "Mkionekana wafupi leo, litafunguka lenyewe," alisema. "Fanyeni upesi. Huyu hana kesho."

Nyumba zikaanza kuitwa. Anaendelea. Anaendelea. Amefika tisini, anaendelea. Kitoto cha mwaka mmoja kikanyanyuliwa juu, amefika mia na arobaini, anaendelea, na watu wakaguna kwa heshima. Sihaba alisimama katika mstari na kila "anaendelea" aliisikia ikimsukuma mgongoni. Nyuma yake pumzi za mtoto zilikuwa zinakwaruza kama ufagio kwenye sakafu.

Nikinyamaza. Nikinyamaza atakufa huyu, na yule atakufa pamoja naye, kwa kuwa jina ni moja. Nikisema, atakufa yule, labda huyu atabaki. Lakini yule ndiye niliyemzaa. Huyu nimepewa. Hapana, huyu naye. Machano, mwanangu, ungekuwa wewe ungesemaje? Ungekohoa. Kila nikikuuliza jambo unakohoa. Nani alisema mama ana moyo mmoja? Mama ana jiko la mafiga matatu, ukitoa moja chungu kinamwagika. Nitoe lipi?

"Nyumba ya Sihaba," aliita Bwana Wastani. "Machano. Amefika wapi?"

Ulimi ulikuwa mkavu kama ile ndoo. Aliwatazama watu, akawaona wote wanamtazama, kila mmoja na mtoto wake mzee mapajani. Akamtazama Mize. Mize alikuwa amefumba macho, anabembeza.

"Ameishia," alisema Sihaba.

Jumbe Vuai aliinuka taratibu, akasema kwa upole wa mtu mwenye hofu kwamba homa ya mtoto imempanda Bi Sihaba kichwani, kwamba Machano huyo hapo, mgongoni mwa mkewe, kila mtu anamwona.

"Huyo ni mtoto wa miaka miwili, Jumbe," alisema Sihaba. "Machano alikufa. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Nilimfumba macho kwa mikono hii, na alikuwa anataka kuishi."

Msokotaji aliinua kisu akakata. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anavyokata kitovu. Kipande cha kushoto kikaenda kwa Bwana Wastani, cha kulia kikawekwa mikononi mwa Sihaba, na kilikuwa kirefu, kirefu kuliko kile cha kushoto. Alikuwa hajui kwamba miaka waliyomnyang'anya mwanawe ni mingi kuliko waliyompa.

Hapo Mize alilia. Hakikuwa kilio cha siku hiyo; kilikuwa cha miaka miwili, kimeiva, kimechacha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na wao walikuwa wameficha maradhi ya Jimbo zima. Mwanamke mmoja upande wa mashariki aliposikia kilio kile alimtazama mtoto aliyempakata, akamtazama vizuri, kama anamwona leo, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Na mume wangu. Ameishia." Akafuata mzee mmoja, akawataja ndugu zake wawili. Akafuata dada, akafuata mjane mwingine ambaye hakuwahi kuitwa mjane. Ameishia arobaini. Ameishia ishirini na tano. Ameishia siku ya arobaini ya kuzaliwa, hakuonja hata maji. Visu vikapanda na kushuka. Watu wakafa hapo kiwanjani, wote kwa mara moja, wale waliokuwa wamekatazwa kufa miaka yote hiyo, na waliobaki wakawalilia ipasavyo, kwa kujigaragaza, kwa kuita majina, mpaka vipande vya kulia vikajaa chini na watu wakawa wanakanyaga miaka ya wapenzi wao. Mwisho kabisa Jumbe Vuai alikaa chini, yule mnene wa sauti, na sauti ikamtoka nyembamba. Ilibidi wamkaribie ili wamsikie. "Na Subira wangu," alisema. "Ameishia miaka saba. Mimi ndiye wa kwanza kumficha."

Wasokotaji walikusanya vipande vya kushoto wakavipima, wakavigawa. Kamba ya Jimbo ilipolazwa chini iliishia hatua chache tu kutoka miguuni pa Bwana Wastani, fupi kuliko mara ya kwanza, fupi kuliko ya jimbo lolote. Hakuna aliyecheka. Sihaba aliiangalia akahisi kitu ambacho hakukitegemea: raha. Hii hapa. Mmeona? Tunakufa. Tuko hivi. Akamgeukia nesi, na nesi alikuwa ameshaweka vidole juu ya fundo, anangoja lilegee.

Fundo halikulegea.

Bwana Wastani aliinama juu ya Kamba ya Taifa akaipapasa kwa muda mrefu. Alipoinua uso, uso ule usioshikika, alionekana mgonjwa, na watu waliokuwa karibu waliapa kwamba amekuwa mfupi. Akaeleza, pole pole, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Kamba ya Taifa haikushuka mbinguni. Imesokotwa kwa kamba za majimbo yote, na ya Chokaa imo. Mlipokuwa warefu mliirefusha. Sasa mmepungua, nayo si kweli tena. Hawezi kuwapima kwa kamba ya uongo. Itabidi aifumue, arudi majimbo yote, apime upya, asokote upya, ndipo aje awalaze ubavuni mwake aone kama ni wafupi.

"Lakini unatuona," alisema Sihaba. "Una macho. Huyu mtoto unamwona."

"Simwoni mmoja mmoja, mama," alisema Bwana Wastani. "Ndivyo nilivyo. Mimi sikuzaliwa, niligawanywa tu." Na kweli machozi yalimtoka, kiasi, kama yanavyomtoka kila mtu.

Mize hakungoja amalize. Alipiga magoti mbele ya sanduku, mtoto bado mgongoni, akaling'ata lile fundo. Aliling'ata kwa meno yote, akalivuta kwa kichwa kama mbwa anavyovuta ngozi, damu ikachuruzika kwenye kidevu, na Nesi Efrasia alishika upande wa pili akavuta naye, analia, na Sihaba akavuta, na Jumbe, hata Jumbe. Walivuta watu wa Jimbo zima. Ulikuwa ni usokoto wa nchi nzima. Haukuachia hata uzi mmoja. Walipochoka, wasokotaji waliwainua kwa heshima, wakawafuta vumbi, wakabeba sanduku. Msafara uliondoka kwa haraka, kwa sababu Bwana Wastani alikuwa anataka kurudi upesi iwezekanavyo. Alisema pengine baada ya masika. Nesi aliondoka akiangalia nyuma, kama mara ile.

Mtoto alikufa njiani, mbele ya tanuri, jua bado liko juu. Hakukuwa na mtu pale safari hii, si Machano, si nyanya. Njia ilikuwa tupu. Mize alihisi mgongoni uzito umebadilika, akasimama, akasema, "Mama," basi.

Walimzika alasiri ileile. Hakuna jirani aliyesusia. Walikuja wote, macho yamevimba, kila mmoja na msiba wake na bado wakaubeba huu. Waosha maiti waliuliza umri. Sihaba akasema miwili, na hakuna aliyemsahihisha. Mmoja wa wazee, kwa mazoea tu, aliuliza jina litakwenda kwa nani. "Limekwenda na mwenyewe," alisema Mize, akajifunika kanga nyeusi aliyonyimwa miaka miwili, akaingia ndani, akafunga mlango. Mkeka wa kumviringishia mtoto ulikosa kamba, maana ni mkeka mdogo na kila kitu kilifanywa kwa haraka. Sihaba alitoa ile aliyorudishiwa kiwanjani. Akamfunga nayo kifuani, akamfunga kiunoni, akamfunga miguuni, kwa mkono wa taratibu kana kwamba anamvisha. Ilizunguka yote hiyo, akaikata, na nyingi ikabaki.

Asubuhi aliamka na ile kamba pembeni ya mto. Alikwenda kisimani, kwa kuwa Mize yuko ndani na lazima apate maji ya kuoga, eda ya Machano imeanza sasa. Watu aliopishana nao walimtazama wasijue wamwamkieje, hawajui tena ana miaka mingapi, naye hajui. Alifungua kamba ya zamani kwenye ndoo, akafunga ile ya Machano, akaiteremsha. Ilishuka, ikashuka, ikapita pale palipomwishia jana, na huko chini akasikia ndoo ikigusa maji, ikainama, ikajaa. Mkononi bado alikuwa na kamba ya kuzidi.

Alivuta. Akaitua ndoo ukingoni akachovya kiganja. Maji yalikuwa baridi sana, baridi ileile iliyokuwa ikitakiwa jana.